Nani Atakikalia Kiti cha Mreno?
Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyopita mlangoni petu Mtwara

Mhariri wa jarida hili aliponitaka niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, aliniachia nichague mwenyewe. Nimechagua vita vya ukombozi wa Msumbiji, nami nina sababu. Katika vitabu vinavyotumika mashuleni vita hivyo vimewekwa katika sura inayohusu nchi nyingine, kurasa chache tu, na mwanafunzi wa Mtwara anavisoma kama anavyosoma habari za Bismarck na mkutano wa Berlin, yaani mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Ilhali vita hivyo vilipita mlangoni petu. Majeruhi wake walitibiwa mjini humu humu. Wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea. Na ugomvi mkubwa uliokaribia kuivunja FRELIMO ulihusu, pamoja na mengine, biashara iliyokuwa ikivuka Ruvuma kuja upande wetu.

Sababu ya pili ni hii. Tumezoea kuhadithiwa ukombozi kama habari ya kumfukuza mgeni: alikuja, akaonea, akapigwa, akaenda zake, bendera ikapandishwa. Mimi naona kumfukuza Mreno, pamoja na damu yote iliyomwagika, halikuwa jambo gumu kuliko yote. Gumu zaidi lilikuwa swali ambalo watu wa Ruvuma walianza kuulizana hata kabla Mreno hajaondoka: kiti chake atakikalia nani? Na je, ni lazima kiti hicho kiwepo?

Tuanze na mto wenyewe. Ruvuma iligeuzwa kuwa mpaka mwaka 1886, Mjerumani na Mreno walipogawana nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Pale mlangoni pa mto ugomvi wa kugawana haukwisha upesi. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, iliyo kusini ya mto, na Wareno wakangoja hadi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndipo wakairudisha. Mwaka huo huo Wareno walivuka wakafika hadi Newala, wakafukuzwa huko baada ya muda mfupi. Katika yote hayo hakuna aliyewauliza Wamakonde, ambao nyanda zao za juu ziko mbili, moja ya Newala upande huu na nyingine ya Mueda upande ule, na mto unapita katikati kama kijito kinachopita kati ya mashamba mawili ya ukoo mmoja. Hata leo hapa Chikongola si ajabu kumkuta mtu aliyezikwa mjomba wake Mueda au Palma, wala hakuna anayemwona kuwa ni mgeni kwa sababu hiyo.

Upande ule wa mto, Mreno hakutawala mwenyewe tangu mwanzo. Mwaka 1891 aliikodisha sehemu kubwa ya kaskazini ya Msumbiji kwa Kampuni ya Nyassa, nayo ikaishika hadi 1929. Kampuni ilitafuta faida kwa njia iliyokuwa rahisi kwake: kodi ya kichwa, na kazi ya shuruti kwa asiyeweza kulipa. Kampuni ilipoondoka, serikali ya Kireno ikaja na pamba ya lazima tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Mkulima alipewa mbegu, akaonyeshwa shamba, akasimamiwa, kisha akauza kwa bei aliyopangiwa na kampuni moja tu iliyopewa eneo lake. Aliyekuwa na watoto wa kulisha alilima pamba badala ya mtama na mihogo. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba ng'ambo kuna mashamba ya mkonge yanayolipa ujira, hungojei akuage. Wakaja kwa maelfu, Mikindani, Lindi, wengine wakaenda mpaka Tanga. Wenyeji waliwaita Wamawia, wakawatambua kwa chale za nyuso zao na kwa ndonya za akina mama, na wachongaji wao ndio waliokuja kuifanya sanaa ya Kimakonde ijulikane duniani.

Mwingereza naye hakuwa malaika. Kazi ya mkonge ilikuwa kazi ya kumaliza ujana, na kodi aliitoza. Lakini katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mtu aliweza kukaa katika mkutano wa chama cha wafanyakazi, na baada ya 1954 akasikia TANU ikihutubia hadharani. Neno moja walilipenda kuliko yote, wakalivusha mto wakalitamka kwa lafudhi yao: uhuru. Nadhani hiyo ndiyo silaha ya kwanza iliyotoka upande wetu kwenda upande ule, wala haikuwa na risasi.

Neno hilo ndilo lililofikishwa Mueda tarehe 16 Juni 1960. Wamakonde waliokuwa Tanganyika walikwisha anza kuunda vyama vyao, na wajumbe wao, kati yao Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walivuka kwenda kuzungumza na wakuu wa Kireno juu ya kurudi nyumbani na kuishi kwa hiari. Gavana wa jimbo akafika Mueda mwenyewe, umati ukakusanyika mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Wajumbe wakakamatwa, watu wakakataa wasichukuliwe, na askari wakafyatua risasi. FRELIMO baadaye ilitangaza kwamba waliouawa walikaribia 600. Wanahistoria waliopekua nyaraka za Kireno wanasema walikuwa makumi, si mamia. Sioni haya kuwaambia wanafunzi tofauti hiyo, maana ubaya wa tendo haupungui kwa kupungua kwa hesabu. Watu walikuja na maneno wakajibiwa kwa bunduki, na kila Mmakonde aliyesikia habari hiyo alielewa kwamba maneno yamekwisha.

Chama cha Wamakonde kikawa MANU, jina lililofuata mfano wa TANU na KANU. Tarehe 25 Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wetu, MANU, UDENAMO na UNAMI viliungana Dar es Salaam, ikazaliwa FRELIMO chini ya uongozi wa Dkt. Eduardo Mondlane, msomi aliyefanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu Marekani. Ikumbukwe kwamba Mondlane alikuwa mtu wa Gaza, kusini kabisa mwa Msumbiji, na Samora Machel vile vile. Wale waliokuwa karibu na vita, waliojua njia za porini, na ambao wangekufa kwanza, walikuwa Wamakonde wa kaskazini. Jambo hilo lilikaa kimya kwa muda, kama kaa la moto chini ya jivu.

Risasi ya kwanza ilifyatuliwa Chai, katika Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na anayetajwa kuwa ndiye aliyeifyatua ni Alberto Chipande, kijana wa Kimakonde aliyesema kuwa alikuwapo Mueda siku ile ya mauaji. Mreno alijibu kwa kuchoma vijiji, na wakimbizi wakamiminika kuvuka Ruvuma. Serikali ikawatengea makazi, mojawapo ikiwa Rutamba kule Lindi. Wengine hawakufika makambini kamwe, walipokewa na ndugu zao, wakapewa shamba, na huo ukawa mwisho wa ukimbizi wao.

Hapa nataka tukae kidogo juu ya Nachingwea. Wengi wetu tunajua kwamba mji wa Mtwara ulipangwa kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mwingereza alikuwa na njaa ya mafuta ya kula, akabuni mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta, mengine yakiwa yametoka vitani. Kwa ajili ya karanga hizo ilichimbwa bandari yetu ya maji marefu na kujengwa reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, baada ya kula pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilibaki ardhi iliyofyekwa, majengo ya wazungu walioondoka, na majina ya mashamba kwa namba.

FRELIMO iliwekwa Kongwa. Kisha ikahamia Nachingwea, mahali panapoitwa hadi leo Farm 17. Yaani kambi zake kubwa mbili zote zilisimama juu ya mashamba ya karanga ya Mwingereza! Mpango ulioshindwa kutoa mafuta ya kupikia ukatoa jeshi. Sijui kama kuna mtu mjini London aliyepata kuihesabu faida hiyo.

Nachingwea haikuwa kambi ya kufundishia bunduki peke yake. Samora Machel, aliyeshika uongozi wa jeshi baada ya Filipe Samuel Magaia kuuawa Oktoba 1966, aliifanya mahali pa kumtengeneza Mmsumbiji mpya. Mmakonde, Mmakua, Mnyanja na Mshangaan waliokuwa hawajapata kuonana walilala banda moja, wakalima shamba moja, wakajifunza kusoma, na kila aliyejua herufi alimfundisha asiyejua. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza waliingia mafunzo ya kijeshi, likazaliwa Jeshi la Wanawake. Wazee wengi wa Kimakonde walilipinga, wakisema mwanamke hashiki silaha. Ila hao hao waliopinga walikuwa wakila chakula kilichobebwa vichwani na wanawake, na hata risasi zilikwenda hivyo, kwa miguu, kutoka mtoni mpaka ndani kabisa ya Cabo Delgado. Josina Muthemba, aliyefunga ndoa na Samora huko Tunduru mwaka 1969, alikuwa miongoni mwa wasichana hao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa hajatimiza miaka 26, na siku hiyo imekuwa Siku ya Wanawake ya Msumbiji.

Hapa Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Dkt. Américo Boavida, mganga wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi waliovuka mto wakiwa wamebebwa kwa machela walifikishwa hapo. Wanafunzi wanaopenda kuuliza historia inapatikana wapi, waanzie hapo: waulize nyumbani kwao nani aliwapelekea wagonjwa uji.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika Cabo Delgado kulikuwa na mtu mmoja mashuhuri, Lázaro Nkavandame. Alifanya kazi Tanganyika, akarudi kwao, na mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wakulima wa pamba kwa kibali cha Mreno mwenyewe. Ushirika uliwaokoa wanachama na usumbufu wa wasimamizi, ukakua haraka hata Mreno akauogopa na kuubana. Vita vilipoanza, Nkavandame akawa mkuu wa FRELIMO katika jimbo hilo, chini yake wakiwa wenyeviti wa maeneo, na akakabidhiwa biashara ya sehemu zilizokombolewa.

Biashara hiyo ilikuwa roho ya vita. Mreno alipokimbia, duka la Mhindi na la Mreno lilikimbia naye. Mkulima aliyebaki porini alikuwa na korosho, karanga, ufuta na nta, lakini hana chumvi, hana sabuni, hana jembe wala kipande cha kaniki. Kwa hiyo mazao yalivushwa Ruvuma yakauzwa Tanzania, na bidhaa zikarudi. Lalamiko likaanza. Mkulima alisema: mazao yangu yananunuliwa kwa bei ndogo, chumvi naletewa kwa bei kubwa, na mwenyekiti ananitaka nikalime shambani kwake bure kwa jina la vita. Sasa huyu na yule wa pamba wanatofautiana nini?

Mondlane na Samora walilichukua lalamiko hilo kwa uzito. Kwa maoni yao wenyeviti walikuwa wanajiandaa kuwa mabwana, mirija ya Mreno imekatwa, mingine inaunganishwa. Nkavandame naye alikuwa na hoja yake, wala si haki kuificha kwa sababu alishindwa. Alisema Wamakonde ndio wanaokufa na watu wa kusini ndio wanaoamuru. Alisema vijana waliofundishwa Nachingwea wanawadharau wazee waliovianzisha vita hivi. Na inaelezwa kwamba alifikia kutaka Cabo Delgado ipate uhuru wake peke yake, jambo ambalo FRELIMO haikuweza kulikubali bila kujifuta yenyewe. Kwa macho yangu, lalamiko lake juu ya watu wa kusini lilikuwa na ukweli ndani yake, na lalamiko la wakulima juu yake lilikuwa na ukweli zaidi. Watu wawili wanaweza kushtakiana na wote wakasema kweli.

Tuangalie tarehe. Februari 1967 sisi upande huu tulitangaziwa Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili. Miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya mto, katika mahandaki, watu wasio na bendera wala mishahara walikuwa wanabishana jambo lile lile: kiongozi aruhusiwe kutajirika kwa mgongo wa aliyemchagua? Sidhani kwamba mmoja alinakili kwa mwenzake. Lilikuwa swali la zama zile, na kandokando ya Ruvuma lilikuwa na bei ya chumvi ndani yake.

Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO ulifanyika Julai 1968 Matchedje, katika Niassa, ndani ya nchi yenyewe. Nkavandame na wenyeviti wake hawakwenda. Mkutano uliwapa wanajeshi nguvu zaidi na kusisitiza kwamba adui ni mfumo wa unyonyaji, si rangi ya ngozi. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka na vibaya. Tarehe 22 Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa akiwa katika njia ya kuvuka Ruvuma, na wafuasi wa Nkavandame ndio waliotuhumiwa. Januari 1969 Nkavandame akasimamishwa. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu kilicholetwa kwa posta, Dar es Salaam, kikamlipukia akafa. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kifo hicho. Na kabla mwaka haujafika nusu, Nkavandame alikuwa amejisalimisha kwa Wareno, wakamtumia kuwaita Wamakonde watupe silaha. Walioitika walikuwa wachache. Hili wengi hawalisemi: Wamakonde waliompenda kama mzee wao hawakumfuata kwa Mreno.

Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, naye aliandika mwaka 1969 kuwashutumu wenzake, akafukuzwa. Mei 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO. Mwezi wa Julai Mreno akatuma maelfu ya askari katika nyanda za Mueda kuimaliza FRELIMO. Hakuimaliza. Alifanikiwa zaidi katika jambo lingine, kuwahamisha wakulima kwa nguvu na kuwaweka katika vijiji vyenye ua na walinzi, wasiweze kuwalisha wapiganaji.

Vijiji! Hapa natoka kidogo katika Msumbiji, maana wenzetu wa Mtwara wanajua neno hilo lina uzito gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkoa wetu ulikuwa mbele ya mikoa mingi kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, na sababu mojawapo ilikuwa usalama wa mpaka. Watu waliotawanyika kando ya Ruvuma walikuwa rahisi kushambuliwa na vigumu kulindwa. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Ilhali mbele kidogo juu ya mto huo huo, Songea, walikuwako wakulima walioanza kuishi kijamaa kwa hiari yao kabla ya Azimio, Litowa na wenzao, katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walipanga kazi wenyewe, wakaendesha shule yao, wakachagua viongozi wao. Mwalimu aliwasifu. Septemba 1969 TANU ikakivunja chama chao, maana wakubwa wa mkoa na wa Chama hawakupenda watu wanaojiongoza bila kungoja maagizo.

Kwa hiyo mwaka ule ule wa 1969, upande ule wa Ruvuma Nkavandame alianguka kwa kutaka kuwa bwana, na upande huu Litowa ilianguka kwa kutotaka bwana. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimekaa upande wa meza wa mtoa maagizo, najua jinsi inavyokuwa rahisi kuamini kwamba watu wakijipangia mambo bila wewe kuna kitu kimeharibika. Msumbiji nayo ilipata vijiji vya jumuiya baada ya uhuru, na katika Cabo Delgado vingi vilikuwa vile vile vya Mreno, ua umeondolewa na jina limebadilishwa.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa Kireno waliochoshwa na vita waliipindua serikali yao mjini Lisbon. Mkataba ulitiwa sahihi Lusaka tarehe 7 Septemba. Mei 1975 Samora alianza safari yake ya kutoka Ruvuma hadi mji mkuu, akihutubia mahali baada ya mahali, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kabla ya sherehe hiyo lilitokea Nachingwea jambo ambalo katika simulizi zetu za ukombozi hupitwa kwa miguu ya haraka. Mwaka 1975 wapinzani wa FRELIMO waliokuwa wamekamatwa, Simango, Nkavandame, Joana Simeão, Padri Mateus Gwenjere na wengine, waliletwa kambini, wakasimamishwa mbele ya maelfu ya wapiganaji na wageni, wakasomeshwa maungamo ya usaliti. Simango alisoma kurasa nyingi. Hapakuwa na wakili wala hakimu. Waliambiwa watapewa nafasi ya kujirekebisha, wakapelekwa Niassa katika kambi za kuelimishwa upya. Miaka michache baadaye Simango na kundi la wenzake, Nkavandame akiwa mmojawapo, waliuawa kwa siri bila hukumu ya mahakama yoyote. Familia zao hazikuambiwa.

Wako watakaosema kwamba walikuwa wasaliti, na Nkavandame hakika alikwenda kwa adui. Nakubali. Lakini Farm 17 ilikuwa mahali pa kumtengeneza mtu mpya, asiyeonewa na asiyeonea, na kazi hiyo ilifanywa kwa kweli, nimeieleza hapo juu bila kejeli. Uwanja ule ule uliofundisha wakulima kusoma ulitumika kumsomesha mtu hati ya kifo chake. Yote mawili yalitokea ardhini kwetu, na mwanafunzi apewe yote mawili.

Vita vingine vilifuata, vya FRELIMO na RENAMO, vikaisha kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Askari wetu walikwenda tena kusaidia katika miaka ya 1980. Kisha Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, katika Cabo Delgado ile ile, na Machi 2021 wakaiteka Palma, jirani na mitambo ya gesi. Watafiti waliokwenda huko wanataja mahubiri ya chuki, wanataja pia vijana walioona rubi za Montepuez na gesi ya Palma vikiwatajirisha watu wengine, wakiwemo wakubwa wa chama kilichokomboa nchi. Kitaya, kijiji chetu cha ukingoni, kilishambuliwa Oktoba 2020, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Wakimbizi walivuka tena njia zile zile za 1964. Hakuna sababu inayohalalisha kumchinja mwanakijiji. Ila swali la kiti halikuzikwa pamoja na Mreno.

Tukikutana kwa ajili ya mkutano wetu, wenye nafasi wafike Naliendele, kilomita chache kutoka mjini, yalipo makaburi ya mashujaa, wanajeshi wetu waliofia Msumbiji na mabaki yao yakarudishwa kuzikwa nyumbani. Mondlane alizikwa Kinondoni, Dar es Salaam, na mifupa yake ikahamishiwa uwanja wa mashujaa mjini Maputo. Josina yuko huko huko, na Samora, aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986, amelazwa nao. Simango na Nkavandame hawana kaburi linalojulikana.